Bulge Buster ya Lee kwa maganda ya .40 yaliyovimba

Wapiga shabaha wenzangu, niko huku Texas na maganda ya risasi za bastola za .40 S&W ninayookota renji niyajaze upya, mengi yamevimba karibu na kitako, ukiyatia chemba yanakwama. Hii Bulge Buster, kifaa cha kampuni ya Lee cha kunyoosha maganda, unaifunga kwenye presi ya kujazia risasi na dai (kalibu ya chuma) yao ya Factory Crimp, unasukuma ganda lipite lote linatokea juu limenyooka, naipenda kweli. 9mm Luger usijaribu, ganda lake limechongoka kuelekea mdomoni.

Ila jamani shaba iliyovimba imeshachoka, na presha ya .40 inafika psi (pauni kwa inchi ya mraba) 35,000! Mimi napitisha waya niliyokunja ncha ndani ya ganda, ukikwaruza kamfereji pale juu ya kitako, au nikiona mstari unang'aa kwa nje, naliponda na koleo hapohapo, baruti haiingii.