Chenso ndogo ya mtumba kwa kazi za nyumbani: ipi ununue, ipi uiache

Kazi yenyewe ni hii: mparachichi uliojaa matawi makavu, mgrevilea wa mpakani unaoegemea paa la jirani, tawi la mwembe lililovunjwa na upepo wa masika, na kuni za jikoni. Mara tano au sita kwa mwaka, basi. Kwa kazi hiyo huhitaji chenso ya wapasua mbao, wala huna haja ya kununua mpya dukani. Tafuta ndogo, nzima, ambayo vipuri vyake vinapatikana mjini kwenu.

Hapa Arusha nimeshaandamana na majirani kadhaa kwenda kununua, na kosa ni lile lile: mtu anavutwa na ukubwa. Anaiona Stihl MS 381 iliyotoka porini, bei imeshuka, moyo unampenda. Ile ina injini ya cc 72 na uzito wa zaidi ya kilo sita kabla hujafunga baa (ubapa wa chuma unaobeba cheni) wala kutia mafuta. Imetengenezwa kwa magogo. Ukiitumia kukata matawi ya unene wa mkono, baada ya dakika kumi misuli inatetemeka, na mkono unaotetemeka ndio unaoiacha cheni ifike mguuni. Kwa bustani, cc 30 hadi 40 na baa ya sentimita 30 au 35 zinatosha kabisa.

Ya kwanza: Stihl MS 170 au MS 180

Hii ndiyo ninayompendekezea kila anayeniuliza. MS 170 ina cc 30.1, MS 180 ina cc 31.8, na zote mbili zina uzito wa karibu kilo nne bila baa na cheni. Ukikuta zile za zamani zilizoandikwa 017 au 018, ni ndugu zao, zichukue bila wasiwasi kama injini ni nzima. Ninazipenda kwa sababu moja kubwa: fundi yeyote wa chenso ameshazifungua. Kabureta, ringi, kamba ya kuwashia, mpira wa petroli, vyote anavijua kwa mkono. Mashine inayokaa miezi miwili bila kuwashwa lazima itasumbua siku moja, na siku hiyo ukaribu wa fundi una thamani kuliko nguvu ya injini.

Tatizo lake ni kwamba ziko za bandia. Plastiki ya rangi ya chungwa na maandishi mazuri si ushahidi. Stihl halisi ina namba ya tarakimu tisa iliyogongwa kwenye bodi yenyewe. Ukikuta stika peke yake, au sehemu ya namba imesagwa kwa tupa, rudisha pesa mfukoni. Iliyosagwa namba huenda pia imeibwa.

Ya pili: ya umeme wa waya

Wengi hawaifikirii, nami nasikitika, maana kwa mwenye kiwanja kidogo na soketi karibu hii ingemfaa kuliko zote. Haina kabureta wala petroli ya kuchacha. Ikae kabatini mwaka mzima, ukiichomeka inafanya kazi. Makita na Stihl wana za wati 1,400 hadi 1,800 ambazo hukata tawi la sentimita 20 bila kelele ya kuamsha mtaa.

Soma kibati cha mota kabla ya bei. Zinazotoka Ulaya ni za volti 230, sawa na umeme wetu. Zilizoshuka na mizigo ya Japani ni za volti 100, na za Marekani ni 120. Ukizichomeka hapa zinaungua papo hapo. Nusa matundu ya hewa: harufu ya vanishi iliyoungua maana yake waya za ndani zimeshapata moto. Ukivuta waya mrefu, nunua wa milimita 2.5 za mraba, usitumie ule mwembamba wa taa, na usikate wakati wa mvua.

Ya tatu: Husqvarna 135 au 236

Ni mashine nzuri za cc 38 hadi 41, nzito kidogo kuliko MS 180, na zina nguvu zaidi. Nimeziweka nafasi ya tatu kwa sababu ya vipuri tu. Kama mjini kwenu kuna duka linaloviuza, zipandishe hadi juu kabisa.

Ya nne: za Kichina, 5200 na 5800

Zimejaa kila duka la vifaa, na vipuri vyake ni rahisi kuliko vya zote. Ila namba ya ubavuni isikudanganye, kwani nyingi zenye 5800 hazifiki cc 58. Kama bajeti yako ni ya hapo, nunua mpya. Iliyotumika huwezi kujua petroli yake ilichanganywa na oili kiasi gani, na tofauti ya bei kati ya mpya na mtumba ni ndogo mno kwa kamari hiyo.

Ya kuiacha

Mbali na yale madude ya porini, iache pia ile ndogo yenye mpini juu ya injini. Zinakuja na mizigo ya Japani, nyepesi, za kupendeza, na mtu anasema hii hasa ndiyo ya bustani. Sivyo. Imetengenezwa kwa mpanda miti mwenye mafunzo, aliyejifunga kamba. Mikono inakaa karibu karibu, kwa hiyo ncha ya baa ikigusa tawi kwa sehemu yake ya juu, mashine inaruka kuelekea usoni na huna nguvu ya kuizuia.

Kuikagua

Ukifika, kabla hata ya salamu kwisha, gusa eksozi. Kama ni ya moto, muuzaji ameshaiwasha kukusubiri, na wewe unataka kuiona ikiwaka ikiwa ya baridi. Mwambie utarudi baada ya saa moja. Mara ya mwisho muuzaji alituambia, "Mzee, hii piga moja tu inawaka." Tulikunywa chai, tukarudi. Ilikataa kwa kamba ishirini na mbili, nilizihesabu.

Kisha, swichi ikiwa imezimwa na hakuna mtu karibu, ishike kwa mpini wa kamba ya kuwashia na uiache ining'inie karibu na ardhi. Injini yenye kompresheni (mgandamizo wa ndani ya silinda) nzuri inashuka kwa mishtuko, kidogo, inasimama, kidogo tena. Ikiteremka moja kwa moja kama ndoo kisimani, ringi zimekwisha. Fundi akiwa na geji, chini ya psi 110 usiguse.

Sasa omba kufungua eksozi. Hapa ndipo wauzaji wanapokunja uso, na hapa ndipo usikubali kuruka. Ni boliti chache tu. Mulika kwa tochi ya simu ndani ya tundu la silinda, vuta kamba polepole, uone ubavu wa pistoni ukipita. Unatakiwa kung'aa kwa rangi moja, kama kijiko. Ukiona mikwaruzo ya wima, kana kwamba mtu amepitisha msasa juu hadi chini, mashine ilikimbizwa na petroli isiyo na oili. Inaweza kuwaka leo vizuri kabisa na ikafa kabla kuni hazijaisha. Muuzaji akikataa kufungua, jibu umeshapewa.

Ikiwa imewaka, iache ipumue bila kukanyaga mafuta: cheni inatakiwa kusimama. Ikizunguka hata baada ya kupunguza sailensa (mwendo wa chini wa injini), springi za klachi zimechoka. Ongeza kasi ya injini, kisha sukuma ngao ya mbele kwa mgongo wa mkono. Cheni isimame mara moja. Breki isiyoshika ni sababu ya kuondoka, si ya kupunguziwa bei. Mwisho elekeza ncha ya baa kwenye kipande cha boksi na uongeze kasi ya injini: mstari wa oili utokee kwenye boksi. Usipotokea, pampu ya oili imeziba au imekufa, na baa itaungua.

Cheni butu au baa iliyolika upande mmoja visikutishe. Hivyo ni vya kununua upya, na ndivyo vya kudai punguzo. Mimi hujumlisha bei ya mtumba, cheni mpya, plagi na mpira wa petroli. Jumla ikivuka nusu ya bei ya mpya na kidogo juu yake, naondoka.

Ukishaifikisha nyumbani

Mimina petroli iliyokuwemo tangini kwenye chombo salama, na uchanganye yako. Kwa Stihl na oili nzuri ya 2T ni moja kwa hamsini: lita 5 za petroli, mililita 100 za oili. Za Kichina nyingi zinataka moja kwa ishirini na tano, yaani mililita 200. Tangi la oili ya cheni litie oili safi. Oili chafu ya gari ina vumbi la chuma linalosaga pampu. Nunua pia tupa ya duara ya milimita 4 kwa MS 170 na 180, na miwani, buti na kinga ya masikio siku hiyo hiyo, maana ukiahirisha hutanunua.

Tawi lililo juu ya bega lako usilikate kwa chenso, wala usipande nayo ngazi. Lililogusa waya wa umeme, waite TANESCO. Na kabla ya kuangusha mti mzima, hata ulio shambani kwako, pita ofisi ya mtendaji ukaulizie kibali.

Ukimaliza kazi na hutaiwasha kwa mwezi mzima, mimina petroli yote, kisha iwashe ijizime yenyewe ikimaliza iliyobaki kwenye kabureta.