Ua liko wapi? Nilivyompeleka mama wa Karatu kwenye Kilimanjaro Safaris, Florida

Mama yangu ana miaka sitini na tisa, ni mkulima wa Karatu, upande ule wa juu ambako mashamba yanapakana na msitu wa Ngorongoro. Misimu aliyolala kibandani akilinda mahindi yasiliwe na tembo sijui hata niihesabu vipi. Kwa hiyo mwanangu aliposema tumpeleke Bibi "akaone tembo" kwenye Kilimanjaro Safaris, ile safari ya kutazama wanyama kwa gari ndani ya bustani ya Disney's Animal Kingdom, nilicheka nikakosa pumzi. Mama mwenyewe aliuliza tu: "Yaani mtu analipa?"

Tukalipa. Tiketi ni zaidi ya dola 100 kwa mtu mzima na bei inategemea tarehe, kwa hiyo angalieni kalenda kabla ya kuomba likizo kazini. Halafu nunueni kwa wenyewe moja kwa moja. Mimi nilijitia ujanja nikanunua kwa wakala mmoja wa mtandaoni, akaniandikia tarehe ambayo si yetu, nikapoteza siku mbili kwenye simu. Hayo yameisha.

Tunaishi Atlanta, tuliendesha usiku ili tufike geti linapofunguliwa. Fanyeni hivyo hivyo. Jua la Florida likishapanda, mnyama mwenye akili anatafuta kivuli, na ninyi mtaishia kuona masikio kwenye majani.

Kabla ya kufika kwenye magari unapita kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe. Mswahili akifika hapo hapiti haraka. Kuta zimechubuliwa makusudi zifanane na za mji wa kale wa pwani, Lamu hivi, na ukutani imeandikwa "Uhuru 1961". Jina wamelichukua Kenya wakaangusha e moja njiani, mwaka wakauchukua Tanganyika. Mama alisimama mbele ya yale maandishi kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Mwaka huo alikuwa mtoto wa miaka mitano. Mbele kidogo kuna Dawa Bar, akataka kujua wanatibu nini. Mlima Kilimanjaro wenyewe msiutafute. Florida ni tambarare kama meza, kilichopo ni jina.

Foleni ilituchukua kama dakika ishirini na tano. Gari ni lori lililo wazi pembeni, lina safu za viti, linachukua watu wasiopungua thelathini. Tulipewa safu ya mwisho. Dereva ndiye anayesimulia huku anaendesha, akaanza na "Jambo!", gari zima likajibu "Jambo!", na mama, ambaye hajawahi kumsalimia mtu hivyo maishani mwake, akaitikia "Hatujambo" peke yake.

Mnaanzia msituni: okapi, bongo (aina ya swala mkubwa wa msituni), faru mweusi. Okapi tulimwona miguu ya nyuma tu, ile yenye michirizi kama pundamilia. Halafu viboko, halafu daraja juu ya mamba waliojilaza mdomo wazi. Watoto walipiga kelele. Mama alikuwa anaangalia barabara. "Haina vumbi," akaniambia. Kweli, haina. Ile njia inayoonekana ya udongo, yenye alama za matairi na vijiti vilivyokanyagwa, ni saruji iliyotiwa rangi na kugandamizwa alama ikiwa bado mbichi. Kutikisika kupo, tena kwa kutosha, picha zangu nusu yake ni ukungu. Ila unashuka na nguo safi, na hapo ndipo nyota yangu ya tano ilipobaki. Nimetoa nne. Safari bila vumbi la kufua mara mbili mimi siijui.

Mkitoka msituni, mbuga inafunguka mbele yenu. Eneo lote linatajwa kuwa ekari 110, na mama mwenye ekari tatu alinitaka nirudie hiyo namba. Hapo twiga alikuwa amesimama katikati ya njia. Dereva akapunguza mwendo, akasimama, akazima injini. Twiga hana haraka na mtu. Akaja upande wetu hatua kwa hatua, akapita karibu kiasi kwamba niliacha kupiga picha kwa sababu simu haikuona kitu zaidi ya ngozi. Nikaona kope zake, ndefu kama za bibi harusi. Nikaona ulimi, mweusi wa zambarau, ukizunguka pua na kurudi mdomoni. Kwenye goti alikuwa na mkwaruzo wa zamani uliopona bila manyoya. Gari zima lilinyamaza, hata yule kijana wa safu ya mbele aliyekuwa akizungumza kwenye simu tangu foleni. Kilichosikika ni kwato zake kwenye ile saruji: ko, ko, ko. Mwanangu alinishika mkono, ana miaka kumi na tatu, hajanishika mkono hadharani tangu darasa la nne.

Wapo ng'ombe wa Ankole pia, wale wenye pembe kama matao, ambao sisi tunawajua wa Karagwe na Uganda. Nilidhani mama atawapuuza. Kumbe hapo ndipo alipochangamka, akapiga mluzi mfupi wa kichungaji, na ng'ombe mmoja akageuza masikio. Akakaa vizuri kitini.

Halafu mbuyu. Mkubwa, umenona, kila mtu kainua simu. Mama kautazama mara moja: "Huu umejengwa." Nikamuuliza kajuaje. "Mbona kila tawi limekaa pale unapolitaka?" Ni kweli umejengwa, mibuyu ile mikubwa ni saruji tupu.

Na nyuma yake, tembo. Walikuwa majike watatu, karibu kabisa na njia, mmoja anajimwagia mchanga mgongoni kwa mkonga. Hapakuwa na waya, nguzo wala seng'enge. Watu wakasema aah. Mama akainuka nusu kwenye kiti, nikamvuta gauni kwa sababu hairuhusiwi kusimama, akaniuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake akizungumzia tembo, sauti ya fundi: "Ua liko wapi?"

Lazima mwelewe anakotoka. Kwetu wamejaribu kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu. Wamejaribu mizinga ya nyuki, tochi kali, madebe, honi. Tembo huogopa wiki mbili tatu, kisha hujua. Mtu ambaye amepoteza mahindi ya mwaka mzima kwa usiku mmoja akimwona tembo amesimama hatua chache kutoka barabarani na havuki, anachotaka kujua ni kimoja tu. Mwanangu akamtafsiria dereva swali. Dereva akacheka, akasema kwa Kiingereza kwamba wengi huuliza wanyama wanakula nini, huyu ni wa kwanza kwake kuuliza uzio. Akaongeza: "Mwambie asiangalie mbele, aangalie chini." Lori likaondoka.

Sehemu iliyobaki naipitia haraka kwa sababu mama aliharibu mkao wangu akigeuka nyuma muda wote. Duma mmoja, kwa mbali. Faru weupe wanne waliopita pembeni yetu hadi nikasikia pumzi zao. Hawa faru wana habari nzuri kidogo: mwaka 2006 wawili, Nande na Hasani, walisafirishwa kutoka hapa hadi hifadhi ya faru iitwayo Ziwa nchini Uganda, ambako faru walikuwa wamemalizwa na majangili. Mwaka 2009 Nande akazaa dume, na kwa kuwa baba wa mtoto alitoka Kenya na mama Marekani, wakamwita Obama. Hapo nami nilinyamaza na ile hoja yangu ya siku zote kwamba bustani kama hizi ni "kuwaona wanyama kwenye sanduku". Simba wako juu ya mwamba, wamelala, wanaonekana vizuri sana. Ule mwamba umetengenezwa na ndani una mitambo ya kupoza na kupasha joto, ndiyo maana hawaushuki. "Simba wa feni," mama akasema.

Dakika ishirini, imekwisha. Hakuna masharti ya kimo kwa watoto, ila vigari vya watoto vinaachwa nje. Mtoto mdogo mkae naye katikati ya safu, na mwenye matatizo ya mgongo afikirie mara mbili.

Mimi nilitaka chakula. Watoto walitaka kwenda kuona gorila, kuna njia ya miguu hapo jirani. Mama alitaka kurudi kwenye foleni. Tukarudi, sasa ya dakika hamsini, amesimama na kiatu kimoja kimevuliwa, halalamiki. Safari hii tukapata pembeni. Tulipofika kwa tembo hakuwatazama kabisa. Alitazama majani marefu kati yetu na wao, na pale lori lilipopinda akanibonyeza ubavuni.

"Mtaro."

Nikauona. Ardhi ya upande wetu inapanda taratibu, majani yamepandwa juu ya ukingo, na nyuma yake kuna mtaro mpana unaofichwa na huo mwinuko. Ukikaa kitini jicho linaruka kutoka majani hadi kwenye miguu ya tembo, linaona ni uwanja mmoja.

"Tembo haruki," mama akasema, kama anayemkumbusha mtu. "Hata sisi tulichimba, mwaka ule wa baba yako. Masika moja tu udongo ukajaa, wakabomoa kingo kwa miguu, wakavuka." Akanyamaza mpaka tukapita wale faru. "Hawa wamejengea ukuta kwa ndani."

Jioni hotelini, watoto wameshalala na wale tembo wa manyoya niliowanunua kwa bei ya kilo kadhaa za nyama, alikaa kitandani na bahasha na kalamu yangu anapiga hesabu. Akanitaka nimpigie simu mjomba, nikamwambia huko ni alfajiri. "Ameshaamka," akasema. "Muulize mfuko wa saruji Karatu sasa hivi ni shilingi ngapi."