Matibabu safi, ila soma karatasi zao kabla hujatoka getini

Hospitali siitaji jina, ni ya binafsi huku Moro rodi, wa Kimara mpaka Mbezi wengi washapita pale. Mdogo wangu anaendesha boda, mwezi uliopita kagongwa na pikapu iliyokuwa inachomoka barabara ya vumbi kuingia rami, mguu wa kulia ukavunjika kati ya goti na kifundo. Washkaji wa kijiweni wakampakia kwenye bajaji wakamfikisha pale saa mbili usiku.

Kwenye kutibu sina neno. Hawakuuliza PF3 (ile fomu ya polisi ya majeruhi) kwanza wala hela kwanza, walimpokea, sindano ya maumivu, eksirei, kufika saa sita hogo la plasta lishakaa kuanzia vidoleni mpaka juu ya goti. Daktari wa zamu kijana mdogo tu lakini anauliza maswali ya maana, ulizimia? helmeti ulivaa? gari limekupiga upande gani? na kila kitu anaandika. Ningekuwa natoa nyota kwa hapo tu ningewapa 5 nikalala.

Shida ikaja kwenye makaratasi. Ile pikapu ilikuwa na bima ndogo, na bima ndogo ndo kazi yake hiyo, kumlipa mtu wa nje aliyeumizwa na gari. Tukakusanya kila kitu, PF3 imejazwa, ripoti ya trafiki na ramani ya ajali, risiti, ripoti ya hospitali tuliyoilipia elfu ishirini, tukapeleka. Wiki 2 baadae tunapigiwa simu eti faili letu halieleweki, polisi wanasema gari limegonga pikipiki, hospitali inasema mgonjwa kaanguka mwenyewe. Nikasema haiwezekani. Nikaitoa ile ripoti kwenye begi, naisoma kwa mara ya kwanza (kosa langu hilo), naona S82.2 na chini yake V28.4.

Mi kodi nilikuwa naijua ya nyumba tu. Kumbe na majeraha yana kodi zake, yani namba za kuyatambulisha, ni mpangilio wa Shirika la Afya Duniani unaitwa ICD-10. S82.2 ni mfupa wa muundi umevunjika, hiyo ilikuwa sawa. Zinazoanza na V ndo zinasema umeumiaje. V28 ni mtu wa pikipiki aliyeumia bila kugongana na chochote, V23 ni mtu wa pikipiki aliyegongana na gari dogo, pikapu au kipanya. Ile 4 ya mwisho maana yake alikuwa dereva na ajali ni ya barabarani, angekuwa abiria ingekuwa 5. Yani tarakimu moja tu, 8 badala ya 3, na bima wanajiondokea zao maana kama hakuna kugongana basi na mwenye pikapu hahusiki.

Resepsheni wakanizungusha asubuhi nzima, "kaka hiyo imetoka kwenye sistimu". Sistimu ilijiandikia yenyewe? Mwisho wakanitupia chumba cha mafaili, nyuma ya famasi, kuna mama mmoja mtu mzima miwani kaifunga uzi shingoni. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, kaa. Ndo mtu wa kwanza kuvuta faili lenyewe. Akalowesha kidole, akafunua ukurasa wa kwanza, maandishi ya nesi wa mapokezi, mgonjwa ameanguka kutoka kwenye pikipiki. Akanitazama juu ya miwani, "aliyemleta alisemaje pale mlangoni?" Nikampigia mshkaji nikaweka spika. "Si nilisema kaanguka na boda." Mama akacheka mpaka akavua miwani. Na kweli, nani kati yetu anasema vingine, hata mtu apitiwe na lori sisi tunasema kaanguka na boda. Nesi kaandika alichosikia, aliyeweka namba kasoma ukurasa wa kwanza akaishia hapo hapo. Ukafunuliwa wa pili, daktari kaandika vizuri kabisa, kagongwa na pikapu ubavu wa kulia.

Mama akanielewesha kwamba yeye haruhusiwi kugusa, anayerekebisha ni daktari aliyetibu, na hapaki wino mweupe, anakata kwa mstari mmoja ili la zamani lisomeke, pembeni anaweka saini, tarehe na muhuri. Daktari mwenyewe yuko zamu za usiku, tukamsubiri siku 4. Mama huyo huyo akanionesha kitu ambacho mi nisingekiona, ripoti inasema mguu umevunjika bila kusema upi, na zile namba za ICD-10 hazisemi kulia wala kushoto, kwa hiyo isipoandikwa kwa maneno ndo imetoka hiyo. Afu kuna la bega. Dogo bega lilimuuma toka usiku ule ila akajikaza, akaja kulisema siku ya marudio, sasa limeandikwa kwa tarehe ya marudio na bima wanalibishia mpaka leo eti aliumia wapi katikati hapo. Ukiumia sema yote usiku ule ule jamani, uanaume weka pembeni.

Kilichoniudhi kuliko vyote, ripoti imerekebishwa tayari, kisha wanataka elfu ishirini nyingine. Kosa lenu hela yangu? Nikagoma kuondoka dirishani, mama akapiga simu juu, ikatoka bure.

Kwa hiyo matibabu 5, mama wa mafaili 5 na soda juu, resepsheni 2 na hiyo 2 ni ya kiyoyozi. Bima wamelipokea faili upya, hela bado hatujaiona. Jumatatu tunarudi kutoa hogo, na safari hii pale mlangoni naongea mimi.