Siku tatu za Permission denied: maoni yangu kuhusu seva ya klaudi niliyohamia nikiwa Lamu

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Zingekuwa tano kamili, nasema kweli, lakini siku zangu tatu zimekwenda na maji na sitaki mtu mwengine wa huku apoteze hata moja. Jina la kampuni silitaji, anayetumia seva za klaudi, yani kompyuta za kukodi mtandaoni, akisoma ataona mwenyewe kama inafanana na anayotumia au la.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kuna nahodha mmoja hapa Lamu, mtu mzima, mie namwita ami, ana mashua mbili anapeleka wageni Manda Toto kuangalia samaki na Takwa kuona magofu. Wageni wote walikuwa wakipiga simu, yeye anaandika daftarini, mara makundi mawili yanafika Mkunguni asubuhi moja yote yanadai mashua ile ile. Nkamtengenezea programu ya kuweka nafasi, inaonyesha mashua ipi iko wazi na maji yanajaa saa ngapi, manake Takwa unapita kwenye mikoko na maji yakitoka mashua haifiki. Kwenye laptopu yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, imebaki kuipandisha kwenye seva.

Nianze na mazuri kwa sababu yapo. Kujiandikisha ilinichukua dakika chache, na ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa ilikubaliwa mara ya kwanza, na hili kwetu si jambo dogo, kuna makampuni nimeshakataliwa mpaka nkachoka. Cheti cha https kinawekwa chenyewe, toleo jipya likiharibika unarudi la jana kwa kubonyeza mara moja, na programu inafunguka haraka hata kwa bando la simu. Kwa bei ninayolipa sina malalamiko hata kidogo.

Sasa mlangoni. Hawa kuingia kwao ni kwa ufunguo wa SSH tu, ile njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, hakuna pasiwadi, na kwa hilo mie niko upande wao kabisa. SSH yenyewe ilianza 1995, aliyeitengeneza ni Tatu Ylönen wa Ufini baada ya wezi kuiba pasiwadi zilizokuwa zinapita wazi kwenye mtandao wa chuo kikuu chake. Kwa ufunguo hakuna siri inayosafiri. Unatengeneza vitu viwili kwa pamoja, kimoja ni kama kufuli, unawapa wao waitie mlangoni, chengine ni ufunguo wa siri unabaki kwako na hautoki. Nkatengeneza kwa amri ya ssh-keygen -t ed25519, hiyo ed25519 ni aina ya ufunguo, ile sehemu ya umma, yani kufuli, nkaikopi nkaipesti kwenye dashibodi, ukurasa wao wa kusimamia akaunti, ikatokea tiki ya kijani na maneno kwamba ufunguo umeongezwa. Nkasukuma kodi, yani maandishi ya programu yenyewe, kwa git, chombo cha kutunza na kupeleka kodi.

Kwanza ikakaa kimya, halafu ikasema connection timed out. Hii nliimaliza haraka, nlikuwa Shela natumia wifi ya nyumba ya wageni na SSH inapitia mlango nambari 22, wifi nyingi za wageni zinaufunga. Nkawasha hotspoti ya simu, ikapita. Ila shikeni tofauti hii kwa sababu watu wanachanganya: timed out maana yake hujafika hata mlangoni, usihangaike na funguo zako, angalia mtandao. Permission denied maana yake umefika, umebisha, umekataliwa. Na mie baada ya hotspoti ndipo nlipoanza kuipata hiyo ya pili, Permission denied na neno publickey pembeni, mara ya kwanza, mara ya kumi, mpaka stima ikakatika na laptopu nayo ikazima.

Nkafanya wanalofanya wengi, nkafuta ufunguo nkatengeneza mwengine, nkapesti tena, tiki ya kijani tena, nkasukuma, Permission denied. Jioni ami ananiuliza, "Mwanangu, kile kitu kimefunguka?" namwambia bado ami, kesho inshallah. Kesho yake ananiuliza tena, na wageni wake wa wikendi bado wako daftarini.

Hapa ndipo ninapoilaumu kampuni. Ujumbe ni ule ule mmoja kwa makosa matatu tofauti, na mie nlikuwa nayo yote matatu, moja juu ya jengine, kwa hiyo kila nilipotengeneza moja nliona hakijabadilika kitu nkarudisha nilivyokuwa. Naelewa seva haitaki kumwambia mwizi amekosea wapi, hilo ni sawa, lakini dashibodi ni yangu, nimeshaingia kwa akaunti yangu, imeili yangu wameihakikisha, kwani hapo wananificha nini? Wangeniandikia tu hapo ndani kwamba leo saa fulani umekuja na ufunguo fulani na tumekukataa kwa sababu hii.

Sapoti walichukua karibu siku nzima kujibu, lakini aliyejibu, Mungu ampe heri, alikuwa anajua kazi. Aliniandikia mistari miwili tu, endesha ssh -v, inayoonyesha kila hatua ya kuingia, na utume yanayotoka, na ule wa siri usiutume kwangu wala kwa mtu yeyote. Nalisisitiza hili kwa sababu siku hiyo hiyo jamaa mmoja kwa nia njema kabisa aliniambia kwa WhatsApp, "nitumie hiyo faili nikuangalizie." Nlikaribia kuituma wallahi, nlikuwa nimechoka. Faili yenye .pub mwishoni mpe umtakaye, ile isiyo na .pub hapana, hata awe ndugu yako wa tumbo moja.

Basi hiyo -v inatapika maneno mengi lakini mistari ya kutafuta ni michache. Kwangu ya kwanza ilikuwa juu kabisa, onyo la herufi kubwa kwamba ruhusa za faili ni 0777, ziko wazi mno, ufunguo huu hautatumika. Yani laptopu yangu mwenyewe ilikuwa inakataa kuutoa ufunguo kabla hata seva haijauona! Kwa git onyo hilo lilikuwepo pia, mie nilikuwa nasoma mstari wa mwisho tu. Mie natumia Windows yenye Linux ndani, ile WSL, na ufunguo nlikuwa nimeuweka kwenye diski C pamoja na kazi zangu nyengine ili nisiupoteze. Wa WSL mjue, faili iliyo chini ya /mnt/c ukiipiga chmod 600, amri ya kuiacha faili kwa mwenyewe peke yake, kwa kawaida haishiki, inakubali kimya kimya halafu inabaki vile vile. Nliipiga mara ngapi sijui. Dawa ni kuuhamishia nyumbani kwenye Linux, folda ya .ssh iwe 700 na ufunguo uwe 600, hapo chmod inafanya kazi na onyo linaondoka.

Nkahamisha, nkafuta kwenye config, faili ya mipangilio ya SSH, mstari uliokuwa unaelekeza diski C, nkasukuma. Permission denied. Lakini sasa -v ikawa inasema kitu chengine, nkaisoma polepole kama mtu anayesoma barua ya mirathi. Mstari wa Offering public key, yani ufunguo unaotolewa, ulikuwa unataja id_rsa, na chini yake Server accepts key. Inakubali! Inakubali ufunguo halafu inanifukuza, hii imekaaje? Ikabidi nitoke nje nikae barazani nifikirie.

id_rsa ni ufunguo wangu wa zamani, nliufanyia kazi ya mwenye nyumba ya wageni mmoja wa Malindi, na yeye yuko kwenye kampuni hii hii kwa akaunti yake. Usipoiambia SSH itumie upi, inajaribu yenye majina ya kawaida kwa zamu na id_rsa inatangulia. Seva kama hizi za kusukumia kodi hazikujui kwa jina, kila mtu anaingia kama git@, zinakujua kwa ufunguo peke yake. Kwa hiyo seva ilikuwa inaniona mie ni yule bwana wa Malindi, inanikaribisha kwa jina lake, halafu inaona hana ruhusa kwenye programu ya mashua, inafunga mlango. Iko sahihi kabisa, ila ingesema hata neno moja! Wenye kufanyia wateja wengi kazi hii itawapata tu. Kwenye faili ya ~/.ssh/config andika jina la seva, halafu IdentityFile na njia ya ufunguo unaoutaka, halafu IdentitiesOnly yes, na hiyo ya mwisho usiiache, bila yake funguo zilizoko kwenye ejenti, programu inayokushikia funguo, zinaweza kutangulia. Zikiwa nyingi unaweza kufukuzwa kabla ya zamu ya ule wa kweli, kwa kawaida OpenSSH, programu ya SSH wanayotumia wengi, inavumilia majaribio sita.

Nkaandika, nkasukuma, na sasa ikatoa ufunguo mpya kama nilivyotaka, na seva ikaukataa. Siku ya tatu hiyo, baada ya laasiri. Nkamwandikia tena yule wa sapoti, safari hii akajibu haraka, akanambia niendeshe ssh-keygen -lf kwenye ile faili ya .pub nimpe alama ya kidole, msimbo mfupi wa kuutambua ufunguo, ile inayoanza na SHA256, yeye aangalie waliyonayo kwao. Hazikufanana. Kumbe nlipoikopi kutoka dirisha jembamba la terminali, lile la kuandikia amri, mstari ulikatika vipande viwili, na dashibodi ikapokea kipande na kunipa tiki ya kijani. Mara zote! Kila ufunguo niliotengeneza upya nliupesti kwa njia ile ile mbovu. Hili ndilo lililowanyima nyota yao, manake kukagua kama ufunguo wa umma umekamilika ni kazi ya kompyuta ya sekunde moja, na wa ed25519 ni mfupi, sehemu ya herufi zilizochanganyika ni herufi 68 basi, kila mara 68. Na alama ya kidole wangeionyesha pale pale kwenye dashibodi badala ya lile jina nililoupa mwenyewe, ningeona siku ya kwanza. Nusu nyengine ni ya sapoti kuchelewa mwanzoni.

Nkaipeleka kwa clip.exe inayokopi faili bila kupitia macho yangu wala kipanya, nkapesti, nkasukuma. Ikapita. Magharibi ilikuwa inaadhiniwa, nkafunga laptopu nkaenda kuswali, nliporudi programu iko juu na ami ameshaingiza mashua zote mbili mwenyewe kwa simu yake.

Kwa mtu wa huku anayeuliza kama ahamie, mie namwambia hamia, seva ni nzuri na haijaanguka tangu hapo, lakini siku ya kupandisha usiwe umemuahidi mtu, na ukikataliwa usifute kitu, endesha -v kwanza, kisha linganisha alama ya kidole. Nimewaandikia kampuni kuhusu alama hiyo na kuhusu tiki ya kijani, wamesema wameipokea. Yule bwana wa Malindi nimempigia nkamweleza kwamba ufunguo wangu wa zamani ulikuwa bado unafungua kwake miaka yote hii na kazi tulishamaliza, tukautoa pamoja kwenye simu, yeye anabonyeza mie namsomea.