Unataka kuanza kujichomoa kwenye ndoana? Kaiti za kununua, kuanzia ya kwanza mpaka ya kuacha

Wadau wa upepo, kila kusi ikianza pale Paje, Zanzibar, wacheza kaiti, wale wanaoteleza baharini kwa bodi wakivutwa na kaiti, wananiuliza swali lilelile: nishajua kubisha (kwenda upande upepo unakotoka), naruka vizuri, nageuka pande zote mbili, sasa nataka kuanza kujichomoa, yaani kuitoa kaiti kwenye ndoana ya kiunoni na kuishika kwa mikono tu, ninunue kaiti gani? Na wengi wanaouliza washaangalia video za mabingwa, washaamua wanataka C yenyewe, kaiti iliyopinda kama herufi C, kwa sababu ndo aliyokuwa akirushia Mwingereza Aaron Hadlow alipobeba ubingwa wa dunia mara 5 mfululizo, 2004 mpaka 2008. Nawaambia subiri kwanza. C yenyewe kwangu mimi ni namba 3.

Kwanza ujue kinachotokea. Ukiwa umenasa, yaani lupu (kitanzi cha kaiti) iko kwenye ndoana, baa (fimbo unayoishika) ukiisukuma kaiti inapoa, ukiivuta inapata nguvu. Sasa ukijichomoa, ile lupu inapanda mpaka inagusa baa, maana yake kaiti inakuwa kama umevuta baa mpaka mwisho na huna tena pa kusukuma. Kaiti isiyopenda kuvutwa hivo inakosa pumzi, inarudi kinyumenyume, inaanguka kwa mgongo, au inakukokota demani, upepo unakoelekea. Ndo maana kabla ya kujichomoa unavuta mkanda wa dipawa (kupunguza nguvu ya kaiti) kidogo kidogo, alafu unajaribu ukiwa bado umenasa: vuta baa yote mpaka tumboni uishikilie, kaiti ikibaki imetulia hewani uko sawa, ikianza kurudi nyuma ongeza mkanda. Jaribio hili halina gharama na linakwambia mengi kuhusu kaiti kuliko maneno yote ya muuzaji.

Sasa mpangilio wangu.

Namba 1 ni ile C iliyofunguliwa, yaani umbo lake ni la C lakini imetanuka kidogo na mbele ina vikamba vifupi vya kuigawia mvuto. Slingshot RPM na Ozone C4 ndo mifano ninayoiona sana. Sababu ya kuiweka juu ni kwamba inakupa vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikai pamoja: dipawa ya kutosha ya kukuokoa ukiwa umenasa, na ule ulegevu wa kamba ukiwa umejichomoa. Ulegevu ndo kila kitu kwenye mchezo huu. Ukikata ukingo wa bodi vizuri ukaruka, kaiti inatakiwa isonge mbele kidogo kamba zilegee kwa sekunde moja hivi, hapo ndo baa inakuwa nyepesi na siku moja utaipitisha nyuma ya mgongo. Kaiti inayovuta muda wote itakung'oa mabega tu. Na ikianguka majini hii inanyanyuka bila ugomvi, jambo ambalo mwanafunzi anayeanguka mara 30 kwa siku atalishukuru.

Namba 2, kaiti ya kazi zote yenye mbavu 3 (mirija ya hewa inayokatiza kitambaa), mfano Duotone Dice. Ulegevu wake si sawa na wa namba 1 ila kama pesa yako ni ya kaiti moja tu, na wikendi unataka kucheza na mawimbi nje ya mwamba, basi chukua hii bila wasiwasi. Ni nyepesi, inageuka haraka, na kwa mtindo wa kwanza kabisa, ile rale ya kuning'inia bodi ikiwa nyuma ya kichwa, inatosha kabisa.

Namba 3 ndo C yenyewe. Vegas, Slingshot Fuel, ndugu za hapo. Ukiwa umejichomoa ni tamu sana, inakaa pale ulipoiweka, mvuto unaujua kabla haujaja. Lakini dipawa yake ni ndogo, upepo ukipanda ghafla huna pa kukimbilia, na kunyanyuka majini inataka ujuzi. Nyingine zina kamba ya 5, inasaidia usalama na kunyanyua kaiti ila pia ni kamba moja zaidi ya kusokoteka. Nunua ukishatua rale zako 7 kati ya 10. Kwa wanaotafuta za mtumba, ukikutana na Vegas imeandikwa North usidhani ni feki, kampuni ilibadili jina ikawa Duotone mwaka 2018, na jina la North sasa liko kwa watu wengine kabisa.

Namba 4 ni zile bapa, boo na delta. Tangu boo zilipoingia 2005 zimeokoa watu wengi, na kwa kujifunzia sijaona bora. Kwa kujichomoa hapana. Nyingi zinalemea mikononi na ndizo zinazopenda kurudi kinyumenyume. Kama unayo usiiuze, ibaki ya kuruka juu ukiwa umenasa.

Zile za vitambaa zisizojazwa upepo kwa pampu siziweki hata kwenye mpangilio.

Saizi: huku kwetu siku nyingi upepo ni noti (maili za baharini kwa saa) 12 mpaka 20, kusi ikikaza zaidi. Mtu wa kilo 75 akinunua moja, mimi nasema mita za mraba 10, akiweza mbili, 9 na 12. Usijifunzie kwenye kaiti iliyokuzidi, nguvu ya wastani ndo inafundisha.

Sasa nakuja kwenye kitu ambacho nakiweka juu ya kaiti zote, na kama bajeti ni ndogo anza hapa: baa, lishi (kamba inayokuunganisha na kaiti ukiachia baa) na hanesi (mkanda wa kiunoni wenye ndoana). Lishi ifungwe pale ambapo ukiachia baa kaiti yote inaning'inia kwenye kamba moja ya mbele na kufa nguvu. Kuna watu wanaifunga kwenye lupu yenyewe ili wakiachia kaiti isianguke, wanapata muda wa kurudia haraka. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua seti ya mtumba imefungwa hivo, aliyeniuzia hakusema na mimi sikuuliza, nikaachia baa katikati ya rale na kaiti haikufa, ikanikokota mpaka kwenye vijiti vya shamba la mwani, mgongo umechubuka na kamba za mama wa watu zimekatika. Nililipa zile kamba na bado naumia nikikumbuka sura yake, maana pale ni jasho lake la mwezi mzima. Kwa hiyo lishi iwe kwenye kamba moja, na kifunguo cha dharura upande wako pia, na ukijaribu nchi kavu kifunguke kwa mkono mmoja. Ukishaachia, usijizungushie kamba mkononi wakati wa kuifuata baa, inakata vidole.

Hanesi iwe na ndoana ya chuma iliyokaza, zile zenye kamba ya kuteleza mbele hazichomoki hata ufanyeje. Kile kijiti cha plastiki cha kuzuia lupu isitoke unakitoa, na lupu yenyewe iwe pana na ngumu kiasi, ya kulegea utahangaika kuinasa tena huku mikono inawaka. Vesti ya kuzuia mgongano ni lazima, kofia pia. Bodi isiwe kitu cha kukunyima usingizi, ya sentimita 138 ngumu kiasi inafaa, buti ngoja kwanza, kamba za miguu zinakuachia ukianguka vibaya.

Ukikagua ya mtumba ijaze upepo asubuhi uirudie jioni, ikiwa imelegea bleda (mfuko wa hewa wa ndani) inavuja. Kifinye kitambaa: kizima kinalia kama karatasi mpya, kilicholiwa na jua ni kimya na laini kama leso. Alafu funga kamba zote 4 kwenye mnazi mmoja uvute baa, ikilala upande kamba zimepishana urefu na ukijichomoa kaiti itakuvuta upande huohuo kila mara.

Mara ya kwanza nenda maji yakiwa yamejaa, yafike kifuani, si maji ya kupwa ambayo Paje unatembea mpaka mwambani, mchanga ule ni mgumu kama sakafu. Diani, Kenya, hivohivo. Kaiti iweke digrii 45, geuka demani kidogo mvuto upungue, vuta baa lupu itoke, hesabu mpaka 5, geuka demani tena, nasa. Siku ya kwanza fanya hiyo tu, mara 50, usiruke.