Madubwana ya bei rahisi katika kibanda cha Kirumba: uzoefu wangu

Kibanda cha muvi ninachokisifia kipo Kirumba, jijini Mwanza, si mbali na soko la Mwaloni. Kiingilio ni shilingi 500, mnakaa kwenye mabenchi ya mbao, na skrini ni ukuta uliopakwa chokaa. Jumapili mchana mwenyewe huweka muvi za zamani za madubwana, zile za bajeti ndogo, na ndizo zinazonitoa Nyakato mpaka huko.

Nazipenda kuliko hizi za kompyuta. Katika nyingi za sasa ghorofa likianguka unaona halina uzito. Lakini kwenye Godzilla ya Japani ya mwaka 1954, ndani ya dubwana kuna mtu, Haruo Nakajima, amebeba vazi la takribani kilo 100 na anakanyaga Tokyo ya vijumba vya kutengenezwa. Fundi wao, Eiji Tsuburaya, alitamani kutumia mwanasesere anayesogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, ila muda na fedha vikamkatalia. Basi akamvika mtu, akaendesha kamera kwa kasi zaidi ili picha ikionyeshwa mwendo uwe wa pole na mzito. Mngurumo nao ulitokana na glavu ya ngozi iliyosuguliwa kwenye nyuzi za kontrabasi, ala ya muziki kama fidla kubwa. Ukitoka kwenye sabufa ya pale, unausikia kifuani.

Wamarekani nao, kwenye It Came from Beneath the Sea ya 1955, wana pweza mkubwa anayelivamia daraja la Golden Gate. Ana minyiri sita tu, kwa sababu fundi wao, Ray Harryhausen, alipunguza miwili kuokoa gharama. Jaribu kuihesabu: haitulii, na mingine imezama majini. Huo ndio ufundi ninaoufuata.

Kinachokitofautisha kibanda hiki ni mwenyewe kutafsiri papo hapo kwa maiki, na anawajua watazamaji wake, wengi wao wavuvi na wachuuzi wa dagaa. Kabla ya kuanza Godzilla alituhadithia habari ya Daigo Fukuryu Maru, boti ya Wajapani 23 waliokuwa wakivua jodari. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la nyuklia kisiwani Bikini, bahari ya Pasifiki, na majivu ya sumu yakawaangukia wavuvi hao. Mwendesha redio wao alifariki Septemba, na muvi ikatoka Novemba mwaka huo huo, ikianza na meli kuteketea baharini. Mzee mmoja aliyekaa mbele akauliza, "Na samaki wao je, waliuzwa?" Akajibiwa, "Ndiyo mzee wangu, wengine walikuwa wameshafika sokoni." Kibanda kizima kikaguna. Baada ya hapo hakuna aliyelicheka lile vazi la mpira, na mimi niliitazama muvi niliyoizoea kama mgeni.

Kasoro zipo. Bati ni la chini, joto la mchana ni kali, na umeme ukikatika hakuna jenereta wala hurudishiwi hela yako. Mtafsiri pia huwahisha siri ya mwisho akipandwa na mori, na hilo kwa kweli linaniudhi.

Wenye watoto wadogo wasiwakalishe karibu na sabufa. Benchi la pili upande wa mlangoni ndilo zuri: lina hewa, na unaliona dubwana zima, kichwa hadi mkia. Fika mapema, wavuvi wakishapumzika hujaza haraka.