Kutafuta historia ya Japani ukiwa Mombasa: maktaba inayofunguka na ile inayokuonyesha jalada tu

Ninachochunguza ni vitambaa. Katika miaka ya 1930 viwanda vya Osaka viliuza Afrika Mashariki majora ya marekani, bafta na kanga kwa bei ambayo wenye viwanda wa Lancashire hawakuiweza, na vita vilipokaribia soko lilikuwa limeshawatoka Waingereza mikononi. Upande wa Waingereza haunisumbui: ripoti za forodha za Kenya na Uganda zipo, na vilio vya Manchester vimeandikwa hadi vikachosha. Nilichotaka ni kuwasikia Wajapani wenyewe: konsuli wao aliripoti nini kutoka Mombasa, magazeti ya Osaka yalisema nini, kampuni ya meli ilipigaje hesabu zake. Sina tikiti ya Tokyo wala chuo cha kunilipia hifadhidata. Nina kompyuta, bando la mwezi, na Kijapani cha kusoma gazeti polepole, kamusi ikiwa pembeni.

Ukiuliza uanzie wapi, karibu kila mtu atakuelekeza Maktaba ya Taifa ya Bunge ya Japani. Ni maktaba kubwa kweli, imekuwapo tangu 1948, na nitaifikia. Lakini kwa aliye nje ya Japani mimi ningesema asianzie huko. Aanzie JACAR.

JACAR ni Kituo cha Japani cha Nyaraka za Historia ya Asia. Kilianza kazi mtandaoni mwaka 2001, kutokana na mpango uliotangazwa na waziri mkuu Murayama Tomiichi mwaka 1994 wa kuwasaidia Wajapani na majirani zao kuitazama historia yao kwa uwazi. Kimekusanya picha za nyaraka hasa kutoka sehemu tatu: Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Hifadhi ya Nyaraka za Kidiplomasia ya Wizara ya Mambo ya Nje, na taasisi ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi. Picha zimepita milioni 30. Hujisajili, hulipi, huombi ruhusa ya mtu. Unafungua waraka, unageuza kurasa, unapakua. Kila waraka una namba yake ya kumbukumbu, na herufi ya kwanza inakuambia ulikotoka: A ni Hifadhi ya Taifa, B ni mambo ya nje, C ni jeshi. Baada ya muda nikawa natazama B peke yake.

Jina lake nadhani ndilo linalotupoteza. Kikiitwa cha Asia, mtu wa Afrika anapita. Lakini wizara ya mambo ya nje ya dola yenye biashara dunia nzima haifungui majalada ya bara moja tu. Mikataba, forodha, safari za meli, maombi ya wafanyabiashara, yote yamo humo.

Chukua suala la Bonde la Kongo. Kwa makubaliano ya Berlin ya 1885, yaliyofanyiwa marekebisho Saint-Germain mwaka 1919, nchi zilizotia saini zilikuwa na haki sawa ya kufanya biashara katika eneo kubwa la katikati ya Afrika lililofika hadi pwani yetu. Japani ilikuwa miongoni mwa waliotia saini mwaka 1919. Ndiyo maana Uingereza ilipoweka ukomo wa kiasi cha nguo za kigeni kinachoingizwa katika makoloni yake mwaka 1934, Kenya, Uganda na Tanganyika hazikuguswa. Ukiisoma habari hii kwa Kiingereza, utawaona watu wa Lancashire wakilalamika kwamba wamefungwa mikono. Ukiisoma upande wa Tokyo, unakuta wasiwasi: Waingereza wakiomba mkataba ubatilishwe, tutafanyaje? Mambo ni yale yale, hofu ndiyo iliyohama meza. Kwa utafiti wangu, kuiona hofu hiyo kwa maneno yao wenyewe kulinipa sura nzima.

Sasa tabu zake. Maelezo ya waraka yanayotafutika ni kichwa cha habari pamoja na maneno ya mwanzo ya waraka, kama herufi 300 hivi. Neno lililo ukurasa wa kumi hutalipata kwa kutafuta. Dawa ni kuacha kisanduku cha kutafutia na kushuka ngazi kwa ngazi: wizara, kisha fungu la biashara, kisha jalada, kisha waraka. Inachosha, lakini ndivyo mtu angefanya hata kama angekuwa ameketi kwenye chumba cha kusomea. Vichwa vya habari vimetafsiriwa kwa Kiingereza, kwa hiyo hata asiyejua Kijapani anaweza kujua kilichomo kabla ya kumtafuta wa kumsomea.

Tarehe nazo zina hesabu yake, maana Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Hutakuta 1934, utakuta Showa 9. Mwaka wa Showa unaongeza 1925, wa Taisho unaongeza 1911, wa Meiji unaongeza 1867. Na anayechunguza mambo ya kabla ya 1873 akumbuke kwamba Japani ilikuwa bado inafuata kalenda ya mwezi, hivyo tarehe ya waraka na tarehe ya balozi wa Ulaya aliyeshuhudia jambo lile lile hazitalingana.

Halafu kuna mwandiko. Fikiria karatasi ya mistari, jina la wizara limechapwa kwenye mkunjo wa katikati, maandishi yanashuka kutoka juu kwenda chini na kusogea kutoka kulia kwenda kushoto. Pembeni kuna mihuri ya maofisa waliousoma waraka, mmoja baada ya mwingine kwa cheo. Mihuri ilikuwa myekundu, lakini kwa kuwa picha nyingi zilitokana na mikrofilamu, inaonekana madoa meusi, na doa likiangukia herufi unabaki kubahatisha. Taipureta ya Kijapani ilibuniwa 1915, kwa hiyo katika miaka ya 1930 unakutana na kurasa zilizopigwa mashine, nazo ni raha. Iliyoandikwa kwa mkono wa haraka ni mtihani. Ipo programu ya simu iitwayo Miwo, iliyotolewa bure 2021, inayosoma mwandiko wa kale kwa akili bandia. Unapiga picha ukurasa, inakuwekea herufi za kisasa juu yake. Ilifunzwa hasa kwa vitabu vya zama za Edo, hivyo anayechunguza karne ya 18 atafaidi kuliko mimi. Jambo jingine: nyaraka rasmi za kabla ya 1945 ziliandikwa kwa kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, na katakana, siyo hiragana; hizi mbili ni seti za herufi za sauti. Aliyejifunza Kijapani cha leo, ambacho katakana kimeachiwa maneno ya kigeni, mwanzoni ataona kila kitu ni cha kigeni.

Kipande kitamu kuliko vyote nilikipata Chuo Kikuu cha Kobe. Kule wana hazina ya vipande vya magazeti, vilivyokatwa na kubandikwa kwa mada tangu mwishoni mwa zama za Meiji hadi 1970. Vilikatwa na watu wa shule ya biashara, kwa hiyo kilichowavutia ni bei, mizigo, viwanda na masoko. Siasa inaingia pale inapogusa mfuko. Vimewekwa mtandaoni bure, na vingi vimechapwa upya kama maandishi ya kawaida, maana yake unaweza kunakili sentensi na kuipeleka kwenye programu ya kutafsiri. Kwangu hilo ndilo lililogeuza kazi ya wiki ikawa ya jioni moja.

Humo ndimo nilipofuatilia mambo mawili. La kwanza ni meli: Osaka Shosen Kaisha ilianzisha safari za kudumu za Afrika Mashariki mwaka 1926, na hapo ndipo Mombasa inapoanza kutajwa kama bandari ya kuuzia, siyo jina la ramani tu. La pili ni yeni. Japani ilitoka kwenye kiwango cha dhahabu, yaani iliacha kuifunga sarafu yake na dhahabu, Desemba 1931, thamani ya yeni ikaporomoka mwaka uliofuata, na ghafla jora la Osaka likawa la bei ya kutupwa kwa mnunuzi wa shilingi. Mwaka huo huo wa 1932 wakafungua ubalozi mdogo Mombasa. Ukisoma vipande vya magazeti kwa mfuatano wa tarehe, mambo haya yanashikana bila mtu kukueleza. Tahadhari tu: ni magazeti ya wafanyabiashara wakati wa fahari ya dola. Wanajisifu, na wanapoumia wanamlaumu Mwingereza.

Sasa Maktaba ya Bunge. Vitabu na majarida yake ya kidijitali yana ngazi tatu. Ya kwanza iko wazi kwa dunia nzima: vilivyokwisha hakimiliki, na gazeti rasmi la serikali, Kanpo, lililoanza kutoka 1883. Ya pili ni vitabu vilivyoadimika sokoni. Hivi tangu Mei 2022 mtu anaweza kuvisoma nyumbani kwake, mradi amejisajili na anaishi Japani. Ya tatu haisomwi popote ila ndani ya majengo ya maktaba yenyewe. Bahati mbaya, kitu cha miaka ya 1930 mara nyingi kimeangukia ngazi ya pili. Unaona jina, unaona yaliyomo, unaona hadi namba ya ukurasa, na mlango hauingiliki. Unakula kwa macho. Sheria ya hakimiliki ndiyo iliyofanya hivyo, na zipo maktaba za vyuo nje ya Japani zilizojiunga na mpango wa kusomea vitabu hivyo ndani ya kuta zao, lakini ukiwa hapa pwani hilo halikusaidii sana. Niliandikia maktaba moja ya chuo Ulaya kuomba kurasa chache. Jibu halijaja, na nimeacha kulisubiri.

Hata hivyo sijaifunga. Mwishoni mwa 2022 walipanua utafutaji wa maneno ndani ya vitabu hadi zaidi ya vitu milioni 2, na hiki ndicho ninachowasifia. Hata kwa kitabu kilichofungwa, unaandika neno na unaonyeshwa kama limo, na mara nyingi kijisehemu cha sentensi. Kwa hiyo naitumia kama fahirisi. Inaniambia neno liko jarida gani, mwaka gani, ukurasa gani. Kisha natafuta habari hiyo hiyo Kobe au JACAR, maana ripoti ya konsuli mara nyingi ilichapwa pia kwenye jarida la wizara na kunukuliwa na magazeti.

Kutafuta kwenyewe kuna ujanja. Zanzibar haikuandikwa kwa namna moja: jaribu ザンジバル, halafu ザンヂバル, halafu ザンジバー. Mombasa ni モンバサ, na mara nyingine モムバサ. Vilevile mashine zinazosoma maandishi ya kale huichanganya herufi ン na ソ, ambazo hata jicho la binadamu linazichanganya, kwa hiyo jaribu pia ザソジバル. Hakuna mji wa jina hilo duniani, lakini unaweza kukutoa kitabu. Neno kanga ndilo lililonichekesha. Ukiandika カンガ, unaletewa kangaruu wa Australia kundi zima, pamoja na vitabu vya watoto wa shule, kwa sababu neno lao la kufikiri linaanza na sauti hizo hizo na vitabu vile viliandikwa kwa katakana. Ongeza neno la pamba au la nguo ndipo kangaruu wapungue.

Vya ngazi ya kwanza navyo visidharauliwe. Majedwali ya mwaka ya biashara ya nje ya Japani yamo, nchi kwa nchi na bidhaa kwa bidhaa. Nayalinganisha na ripoti za forodha za Nairobi, na usishangae hesabu zikikataa kukubaliana: mzigo ulioondoka Kobe Desemba unaandikwa Mombasa mwaka unaofuata, na bei ya bandari ya kutokea haina nauli wala bima. Kabla hujalipia nakala yoyote ya kitabu cha zamani cha Kijapani mtandaoni, angalia kwanza ngazi hii. Wapo wanaouza uchapaji mpya wa kitu ambacho kipo wazi bure.

Wa zama za kale zaidi wana njia zao. Taasisi ya Historiografia ya Chuo Kikuu cha Tokyo ina hifadhidata za nyaraka za enzi za samurai, na Chuo Kikuu cha Waseda kimeweka vitabu vyake vya kale wazi kwa picha safi sana. Nimepita tu, sikukaa.

Kitu kimoja ambacho nadra watu kukitaja ni hifadhidata ya maswali na majibu ya wakutubi, inayosimamiwa na Maktaba ya Bunge pamoja na maktaba nyingine za Japani tangu 2005. Mtu aliuliza jambo katika maktaba ya mkoa wake, mkutubi akatafuta, na jibu likahifadhiwa pamoja na vitabu alivyofungua, mara nyingine hata vile alivyofungua asipate kitu. Nikikwama kwenye neno la biashara ya nguo, kipimo cha zamani cha kitambaa kwa mfano, huanzia hapo kabla ya kamusi, kwa sababu mara nyingi muuza nguo fulani wa Osaka au mjukuu wake ameshaliuliza.